Abdullah bin Ubayy: Aliwasha moto, wakaungua wengine

KILA mwaka ninapofundisha sira ya Mtume (s.a.w) darasani, tukifika Madina kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Wanafunzi huuliza, huyu Abdullah bin Ubayy alijulikana kwa jina, fitina zake zilijulikana na Qur'an ikamfichua, sasa kwa nini Mtume (s.a.w) hakuamuru auawe mambo yakaisha? Huwa siwajibu siku hiyo hiyo. Huwaambia wasubiri tumalize maisha yake yote, kwa sababu jibu limo humo humo.

Nimeona leo nilete swali hilo kwa wasomaji wa safu hii, kwa kuwa sisi tunaoishi mijini tunalihitaji jibu lake pengine kuliko wanafunzi wangu. Misikiti yetu haiishi migogoro, mitaa yetu haiishi makundi, na kila unapokaribia uchaguzi, uwe wa nchi au wa kamati ya msikiti, watu waliokuwa wakila sahani moja huacha kusalimiana. Ukichunguza vizuri migogoro hiyo utaona jambo moja la kushangaza. Aliyelala hospitali na kichwa kilichopasuka, mara nyingi siye aliyeanzisha. Aliyelala mahabusu siye aliyeanzisha. Mwanzilishi yuko nyumbani kwake, amekula chakula cha usiku na amelala usingizi.

Mtu wa aina hiyo si mgeni katika historia yetu. Tumtazame aliyekuwa mkubwa wao.

Mtu aliyekuwa akitengenezewa taji

Abdullah bin Ubayy bin Salul alikuwa mtu wa kabila la Khazraj, mmoja wa wakubwa wa Yathrib kabla mji huo haujaitwa Madina. Salul ni jina la mwanamke, ambaye wanahistoria wengi wanasema ni mama yake Ubayy, yaani bibi yake Abdullah. Alikuwa mtu mrefu wa kimo, mwenye mali, mwenye ulimi mzuri na mwenye kusikilizwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sifa yake ya mwanzo ilikuwa sifa ya mtu wa amani. Kiasi cha miaka mitano kabla ya Hijra, makabila ya Aws na Khazraj yalipigana vita vikali vilivyoitwa vita vya Buath. Wakubwa wengi wa pande zote mbili walikufa. Abdullah bin Ubayy alichukizwa na kitendo cha baadhi ya watu wa kabila lake cha kuwaua vijana waliokuwa wamewekwa rehani, akajitenga na hakuingia vitani. Vita vilipokwisha, watu wamechoka na wakubwa wao wako makaburini, macho yakamgeukia yeye. Alikuwa Khazraj, lakini hata Aws hawakuwa na damu ya kumdai. Wakakubaliana kumfanya mfalme wao, na wanahistoria wanaeleza kwamba shanga za taji lake zilikwisha anza kutungwa.

Ndipo watu wa Yathrib walipokutana na Mtume (s.a.w) Aqaba, wakasilimu, na mwaka 622 yeye mwenyewe akahamia kwao. Taji likasahauliwa. Aliyekuwa akisubiri kuwa mfalme akaamka asubuhi na kukuta watu wake, ndugu zake na hata mwanawe wa kumzaa wanamfuata mtu mwingine.

Tusilipite jambo hili haraka. Fitina zote tutakazozisoma hapa chini zilitokana na jeraha hili moja. Hakuwa na hoja dhidi ya Tauhidi, wala hatusomi popote kwamba alikaa akajadili dini na Mtume (s.a.w). Alikuwa na kiti alichokikosa.

Mwanzoni hakusilimu. Imepokewa katika Bukhari kwamba siku moja Mtume (s.a.w) alikuwa amepanda punda akienda kumtembelea Saad bin Ubada aliyekuwa mgonjwa, akapita kwenye baraza walipokaa Waislamu, washirikina na Mayahudi pamoja, na Abdullah bin Ubayy akiwemo. Vumbi la mnyama lilipowafikia, Ibn Ubayy akajifunika pua kwa nguo na kuwataka wasiwatimulie vumbi. Mtume (s.a.w) akashuka, akawasalimu na kuwasomea Qur'an. Ibn Ubayy akamjibu kwamba asiwaudhi kwa maneno hayo barazani mwao, akae kwake na awasimulie wanaomfuata huko. Abdullah bin Rawaha akasema kinyume chake, kwamba wao wanayapenda. Pande zote zikaanza kutukanana mpaka zikakaribia kurukiana. Mtume (s.a.w) hakuondoka mpaka alipowatuliza.

Hapo tunaona kwa mara ya kwanza namna yake ya kufanya kazi. Yeye alisema maneno mafupi tu, na waliotaka kupigana ni wengine.

Muda si mrefu Makureshi wa Makka wakamwandikia barua, yeye na wenzake waliokuwa bado wanaabudu masanamu, kuwatishia kwamba wasipompiga vita Mtume (s.a.w) au kumtoa, wao watakuja kuwapiga. Wakakusanyika kwa ajili ya vita. Kwa mujibu wa riwaya ya Abu Dawud, Mtume (s.a.w) aliwaendea na kuwaeleza kwamba Makureshi hawawezi kuwadhuru zaidi ya wanavyotaka kujidhuru wenyewe, kwa kuwa watakaopigana nao ni watoto wao na ndugu zao. Waliposikia hivyo wakatawanyika. Ufumbuzi ulikuwa mwepesi namna hiyo. Mtu akishaambiwa waziwazi ni nani atakayekuwa mbele ya upanga wake, mkono hulegea.

Baada ya ushindi wa Badr, mwezi wa Ramadhani mwaka wa 2 Hijria (624), Ibn Ubayy aliona upepo umegeuka. Akatangaza Uislamu kwa ulimi.

Njiani kwenda Uhud

Mwaka wa 3 Hijria (625) Makureshi wakaja na jeshi la watu wapatao 3,000. Mtume (s.a.w) akashauriana na Maswahaba (r.a). Rai ya Ibn Ubayy ilikuwa wabaki mjini na kupigana humo humo. Tuwe waadilifu hapa, rai hiyo haikuwa mbaya. Mtume (s.a.w) mwenyewe alikuwa anaelekea huko. Lakini vijana wengi, hasa waliokosa Badr, walitamani kutoka, na shauri likaishia kwenye kutoka.

Jeshi la Waislamu lilikuwa kama watu 1,000. Lilipofika kati ya Madina na Uhud, Ibn Ubayy akageuka na kurudi na watu wapatao 300, yaani kiasi cha theluthi ya jeshi. Malalamiko yake yalikuwa kwamba yeye hakusikilizwa, wakasikilizwa vijana. Abdullah bin Amr bin Haram (r.a), baba yake Jabir, akawafuata nyuma akiwasihi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu wasiitupe jamaa yao na Mtume wao. Wakamjibu kwamba wao hawaoni kama kutakuwa na vita. Akawaacha, akarudi kwenye safu, na siku hiyo akauawa shahidi. Koo mbili za Ansar, Banu Salima na Banu Haritha, nazo zilitikisika kidogo zivunjike moyo, Allah (s.w) akazithibitisha.

Waislamu 70 waliuawa Uhud, akiwemo Hamza (r.a), ami yake Mtume (s.a.w). Na waliorudi njiani walifanya nini? Walikaa majumbani mwao wakasema kuwa lau wale waliokufa wangewasikiliza wao, wasingekufa. Qur'an imeyataja maneno yao hayo katika Surat Aal Imran. Mchochezi humwacha mwenzake afe, kisha maiti yake huifanya ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Ahadi kwa Banu Nadhir

Hapa ndipo inapobainika kwamba mtu huyu hakuwa na upande. Tusidhani aliwahujumu Waislamu kwa sababu aliwapenda sana maadui zao. Waliomwamini nje ya Uislamu ndio walioumia zaidi.

Mwaka wa 4 Hijria (625), baada ya kubainika njama ya kumuua Mtume (s.a.w), kabila la Banu Nadhir liliamriwa kuhama Madina katika muda wa siku kumi. Wakaanza kujitayarisha. Ibn Ubayy akawapelekea ujumbe wasitoke, wajifungie ndani ya ngome zao, yeye ana watu 2,000 ambao wataingia pamoja nao na kufa kabla yao. Mkubwa wao, Huyayy bin Akhtab, akashawishika. Al-Waqidi anaeleza kwamba mwenzake, Sallam bin Mishkam, alimwonya. Alimkumbusha kuwa Banu Qainuqaa kabla yao waliahidiwa vilevile, wakajifungia wakingoja msaada, na aliyewaahidi akakaa nyumbani kwake. Huyayy hakusikia. Wakakataa kutoka, na Waislamu wakawazingira.

Katika masimulizi hayo ya Al-Waqidi kuna tukio linalotosha peke yake kumweleza mtu huyu. Ndugu yake Huyayy alitumwa kwa Ibn Ubayy kumweleza kwamba wakati wa msaada umefika. Akamkuta amekaa nyumbani na watu wachache. Wakiwa katika mazungumzo, akaingia mwanawe, aliyeitwa pia Abdullah, akavaa deraya yake, akachukua upanga na kutoka mbio kwenda kujiunga na jeshi la Mtume (s.a.w). Mjumbe akakata tamaa pale pale. Mtu ambaye ameshindwa kumshawishi mwanawe wa kumzaa, atawapata wapi hao 2,000?

Hakwenda mtu hata mmoja. Banu Nadhir wakasalimu amri, wakatoka na kile ambacho ngamia wao waliweza kubeba, wengine wakaelekea Khaibar na wengine Sham. Nyumba zao walizibomoa kwa mikono yao wenyewe. Surat al-Hashr imeieleza ahadi ile na uongo wake, na ikamfananisha aliyeitoa na shetani, ambaye humshawishi mtu akufuru, na akishakufuru humkana. Aliyeahidi kufa nao aliendelea kuishi Madina, nyumbani kwake, miaka mingine mitano.

Ugomvi wa maji kule Muraysii

Mwaka wa 5 Hijria, na wengine wamesema wa 6, Mtume (s.a.w) alitoka kwenda kwa Banu Mustaliq. Baada ya vita jeshi lilipiga kambi kwenye maji yaitwayo Muraysii. Hapo wakagombana watu wawili wa kawaida kabisa, Jahjah wa kabila la Ghifar, aliyekuwa kibarua wa Umar bin Khattab (r.a), na Sinan wa kabila la Juhaina, aliyekuwa upande wa Khazraj. Walisongamana kwenye maji wakapigana. Mmoja akawaita Muhajirina na mwingine akawaita Ansar. Watu wakakusanyika. Mtume (s.a.w) akatoka, akawakemea waachane na wito huo wa kijahiliya kwa kuwa ni uvundo, na ugomvi ukazimwa. Ungeweza kuishia hapo, ukawa ni ugomvi wa ndoo mbili za maji.

Ibn Ubayy ndiye aliyeufanya usiishe. Akiwa amekaa na watu wake, alianza kuwalaumu kwamba wao wenyewe ndio waliojitakia. Aliwaambia wamewagawia wageni ardhi yao na mali zao, na lau wangewanyima, wageni hao wangekwenda kwingine. Alitumia hata mfano wa mbwa anayenoneshwa kisha akamla anayemlisha. Kisha akaapa kwamba watakaporudi Madina, mwenye utukufu atamtoa aliye dhalili, akikusudia kwa utukufu nafsi yake.

Msomaji ayaangalie vizuri maneno hayo. Hakuna mahali alipowaambia wachukue panga. Aliwapa kitu kinachofanya kazi kuliko upanga, aliwapa sababu ya kujiona wamedhulumiwa. Ukweli kwamba Ansar waligawana mali zao na Muhajirina, ambao ulikuwa fahari yao mbele ya Allah (s.w), aliugeuza ukawa hasara. Hivi ndivyo mchochezi afanyavyo. Huchukua jambo la kweli, akalipindua uso.

Kijana mdogo, Zaid bin Arqam (r.a), alikuwepo akayasikia. Habari zikamfikia Mtume (s.a.w). Ibn Ubayy akaitwa, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakusema. Wazee waliokuwepo wakamtetea, wakasema huenda kijana amesikia vibaya. Zaid akalaumiwa na jamaa zake mwenyewe, akapatwa na huzuni ambayo hakuwahi kupatwa nayo, mpaka iliposhuka Surat al-Munafiqun ikamsadikisha yeye na kumfedhehesha aliyeapa.

Umar (r.a) akashauri auawe. Mtume (s.a.w) akakataa, akasema watu watazungumza kwamba Muhammad anawaua Maswahaba zake. Badala yake akaamuru msafara uondoke, saa ambayo hakuwa na kawaida ya kusafiri. Wakaenda mchana uliobaki, usiku kucha, na siku ya pili mpaka jua likawa kali. Waliposhuka, hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kukaa baraza. Kila aliyegusa ardhi alilala. Yale maneno yakakosa wa kuyasambaza.

Usaid bin Hudhair (r.a) alipouliza sababu ya safari ile na kuelezwa, alimwomba Mtume (s.a.w) amhurumie mtu yule, akamkumbusha kisa cha shanga na taji. Maswahaba walijua kabisa kidonda kiko wapi.

Naye yule mwanawe Abdullah (r.a), aliyepigana Badr, akamwendea Mtume (s.a.w). Alisema kwamba kama baba yake ni wa kuuawa, basi aamrishwe yeye, kwa kuwa anaogopa akiuawa na mwingine nafsi yake haitavumilia kumwona muuaji, atamuua na kuingia motoni. Mtume (s.a.w) akamtuliza na kumwambia watakaa na baba yake kwa wema. Hata hivyo, kijana yule alitangulia kwenye lango la Madina, akamzuia baba yake asiingie mpaka akiri kwamba dhalili ni yeye na mtukufu ni Mtume wa Allah (s.w).

Uzushi na waliochapwa

Katika safari hiyo hiyo ndipo Mama Aisha (r.a) alipoachwa nyuma akitafuta mkufu wake, akaletwa na Safwan bin Muattal (r.a) aliyekuwa akifuata nyuma ya jeshi. Ibn Ubayy akalidaka tukio hilo. Imepokewa kwamba habari ile ilikuwa ikizungumzwa kwake, naye akiikubali, akiisikiliza na kuichokonoa iendelee. Surat an-Nur imesema kuna aliyebeba sehemu kubwa ya uzushi ule, na riwaya sahihi zinamtaja yeye.

Kwa muda wa mwezi mzima nyumba ya Mtume (s.a.w) ilikuwa katika majonzi. Alipopanda mimbari kulalamikia mtu aliyemuudhi katika ahli yake, Saad bin Muadh (r.a) wa Aws akasimama na kujitolea kumshughulikia. Saad bin Ubada (r.a) wa Khazraj akashikwa na hamasa ya kabila, akampinga. Usaid akamjibu naye. Aws na Khazraj wakasimama msikitini wakitaka kupigana mbele ya mimbari, makabila yale yale ya Buath, mpaka Mtume (s.a.w) akawanyamazisha. Waliokuwa wakitaka kupigana walikuwa watu wema. Mwenye fitina hatajwi kuwa aliinua hata kidole.

Wahyi uliposhuka kumtakasa Mama Aisha (r.a), riwaya mashuhuri zinasema waliochapwa viboko 80 kila mmoja ni Hassan bin Thabit, Mistah bin Uthatha na Hamna bint Jahsh, waumini watatu walioteleza ulimi. Katika riwaya hizo Ibn Ubayy hayumo. Alikuwa hodari wa kusema bila kusema. Wanazuoni wengine wameeleza kwamba adhabu ya hapa duniani ni kitakaso, naye akaachiwa adhabu iliyotajwa kuwa kubwa.

Mistah alikuwa maskini aliyehama na kupigana Badr, akiishi kwa matunzo ya jamaa yake Abu Bakr (r.a), baba yake Aisha. Abu Bakr akaapa kuyakata matunzo hayo, kisha ikashuka aya ya kuhimiza kusamehe, akayarudisha. Tazama hasara ya maneno ya mtu mmoja. Bibi mwema alilia, waumini watatu walichapwa, makabila mawili yalikaribia kuuana, maskini alikaribia kukosa chakula. Na mwenye maneno yuko nyumbani.

Mwisho wake

Lakini kuna kilichobadilika. Ibn Hisham anaeleza kwamba baada ya kisa cha Muraysii, Ibn Ubayy kila alipozusha jambo, waliomkemea walikuwa ni watu wa kabila lake mwenyewe. Mtume (s.a.w) akamuuliza Umar (r.a) anaonaje sasa, kwani lau angemuua siku ile, wangekasirika kwa ajili yake watu ambao leo wakiamriwa kumuua watamuua. Umar akakiri kwamba amri ya Mtume (s.a.w) ilikuwa na baraka kuliko rai yake.

Hili ndilo jibu la swali la wanafunzi wangu. Kumuua Ibn Ubayy kungempa kile alichokikosa maisha yake yote, yaani jeshi la watu walio tayari kufa kwa ajili yake. Mtume (s.a.w) alimwachia uhai wake, akamwondolea watu.

Mwaka wa 9 Hijria, wakati wa safari ya Tabuk, alipiga kambi yake pembeni, na jeshi lilipoondoka yeye akabaki. Mwishoni mwa mwaka huo (631) akaugua na kufa. Mtume (s.a.w) alimtembelea katika maradhi yake. Mwanawe akaomba kanzu ya Mtume (s.a.w) ya kumkafinia baba yake, akapewa. Wapokezi wengine wanakumbusha kwamba baada ya Badr, Abbas, ami yake Mtume (s.a.w), alikuwa mateka asiye na nguo, na kanzu iliyomtosha kwa urefu wake ilikuwa ya Ibn Ubayy. Mtume (s.a.w) hakutaka kubaki na deni. Akasimama kumswalia, huku Umar (r.a) akimshika nguo na kumkumbusha siku zote zile. Baada ya hapo ikashuka aya katika Surat at-Tawba iliyokataza kuwaswalia na kusimama makaburini mwao.

Mwanawe aliendelea na njia yake hadi akauawa shahidi Yamama, mwaka wa 12 Hijria. Nyumba moja, jina moja, baba alitafuta wa kumpigania na mtoto akapigana mwenyewe kwa alichokiamini.

Tujiangalie

Naujua msikiti mmoja ambao sitautaja, uliogawanyika kwa ajili ya uongozi. Kwa wiki kadhaa zilizunguka karatasi zilizotolewa fotokopi zisizo na jina la mwandishi, na baadaye ujumbe wa simu ambao kila aliyeupeleka alisema ametumiwa tu. Ijumaa moja vijana wakashikana mashati ndani ya msikiti. Wawili walilala kituo cha polisi, na mama wa mmoja wao alihangaika kutafuta wa kumdhamini. Mzee ambaye wengi waliamini kuwa ndiye aliyekuwa nyuma ya karatasi zile, Ijumaa iliyofuata aliswali msikiti mwingine, kwa maelezo kwamba yeye hapendi vurugu.

Hata hivyo, niseme jambo moja ambalo huwasisitizia wanafunzi. Kisa hiki hakikuletwa ili tupate jina la kuwaitia mahasimu wetu. Unafiki wa Ibn Ubayy ulithibitishwa na wahyi, na wahyi umekatika. Anayesimama leo msikitini na kumwita Mwislamu mwenzake mnafiki ili vijana wamchukie, amechukua kazi ya Ibn Ubayy akidhani anampiga vita. Hata yule mzee niliyemtaja, mimi sina haki ya kumpa jina hilo.

Tulichopewa sisi ni kuangalia upande wetu. Ibn Ubayy bila wale 300 alikuwa mtu mmoja anayerudi nyumbani. Bila Banu Nadhir kuamini, ahadi yake ilikuwa upepo. Bila ndimi za watu wema, uzushi wake ungekufa barazani kwake. Kila mara nguvu yake ilikuwa ni watu wengine. Kwa hiyo anapokuja mtu na habari inayochoma moyo, tumuulize maswali mepesi. Je, yeye mwenyewe atakuwepo? Mwanawe atakuwepo? Jina lake ataliandika kwenye karatasi hiyo? Tukipigwa, tukifungwa, nani atawalisha watoto wetu? Na kama malalamiko yake ni ya kweli, maana mengine huwa ya kweli, kwa nini asiyapeleke mbele ya wahusika mchana kweupe?

Tena tujifunze safari ile ya kutoka Muraysii. Fitina nyingi hazihitaji kujibiwa kwa hotuba, zinahitaji watu wawe na shughuli. Kijana mwenye kazi, mwenye darsa na mwenye majukumu hana muda wa kukaa baraza la uchochezi, na usiku ukiingia yuko hoi. Viongozi wa misikiti wakilifahamu hilo, watakuwa wamewaondolea wachochezi jeshi lao bila kumgusa mtu.

Wabillahi tawfiq.